Tano ya Mchana

Ofisini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bwana Tano, naye aliitika bila kinyongo, kwa sababu alijua kwamba akikataa ataulizwa kwa nini, na swali la kwa nini ndilo alilokuwa akilikimbia tangu ujana wake.

Aliyempa jina hilo ni Mama wa Simu, mwanamke wa sauti nene aliyekaa karibu na mlango wa mbele akipokea malalamiko ya wateja tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Kampuni yao ilitengeneza mfumo endeshi wa kompyuta ndogo zinazofungwa ndani ya mashine: mizani ya maghala, printa za risiti, vipimo vya hospitali. Bwana Tano aliandika viendeshi. Kiendeshi, kwa asiyekijua, ni programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na kifaa, kama tarishi wa ofisi za zamani: inapeleka agizo, inarudi na jibu. Mambo yakienda vizuri, inarudi na kile ilichotumwa. Yakienda mrama, inatakiwa irudi na namba inayoeleza kimeshindikana nini. Kwa kazi hiyo mfumo ulikuwa na orodha ya namba zaidi ya mia moja. Iko ya kifaa kutokuwepo, iko ya kifaa kuwa na shughuli nyingine, iko ya kumbukumbu kujaa, iko ya muda wa kungoja kwisha.

Tarishi wa Bwana Tano alijua namba moja tu. Kebo ikichomoka, tano. Karatasi ikikwama, tano. Panya akitafuna waya, tano. Kwenye orodha ile, tano maana yake ni kwamba data imeshindwa kuingia au kutoka, yaani, kwa lugha ya nyumbani, kuna kitu mahali fulani hakijaenda sawa. Na hilo mteja alikuwa ameshalijua kabla hajainua simu.

"Bwana Tano," Mama wa Simu alimwambia kila alipopita kwenda kuchota maji ya kunywa, "leo nimeshapokea tano kumi na saba. Niwaambie nini hawa watu?"

"Wazime, wawashe."

"Wamezima, wamewasha."

"Wazime tena. Wangoje kidogo."

"Na wewe siku ukizikwa nitawaambia wangoje kidogo, labda utawaka."

Bwana Tano alicheka kidogo, akachota maji yake, akarudi kwenye meza yake ya pembeni, karibu na dirisha lisilofunguka.

Lakini tusimwonee. Hakuwa mvivu, na kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko cha wengi waliomcheka. Mwaka wake wa kwanza kazini aliandika kiendeshi cha mizani kwa uangalifu wa mtu anayeandika barua ya posa, kila hitilafu na namba yake. Siku ya kuwaonyesha wateja, skrini ikaandika kwa herufi kubwa kwamba kifaa hakipo. Kifaa kilikuwa juu ya meza, kikubwa kama jiko la hotelini, kinawakawaka taa. Mteja mmoja akakizunguka mara mbili, akauliza, "Na hiki ninachokiona ni nini, mzuka?" Chumba kizima kikavunjika mbavu. Mkuu wake akacheka mpaka akavua miwani. Kijana akasimama pale anatokwa na jasho jembamba, na siku hiyo hiyo akajiwekea sheria: namba inayotaja jambo moja inaweza kukosea, tano haikosei kamwe. Miaka ishirini na miwili baadaye alikuwa bado anaishika sheria hiyo kama mtu aliyekula kiapo.

Tatizo ni kwamba sheria haikubaki ofisini. Ilimfuata mpaka nyumbani, ikavua viatu, ikakaa. Mkewe akimuuliza chakula kikoje, alijibu, "Kiko sawa." Akimuuliza mbona amenuna, alijibu, "Uchovu tu." Mwaka juzi alivunjika kidole cha mguu, akatembea nacho siku tatu, na kila alipoulizwa mbona anachechemea alisema yuko sawa. Siku ya nne kiatu kilipogoma kuvulika, mkewe alikitazama kidole kilichovimba, akamtazama mwenye kidole, akasema, "Mungu wangu, nimeolewa na printa."

Mtu pekee aliyekuwa na haki ya kumtania zaidi kuliko mkewe ni dada yake mkubwa. Dada alikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya cha mji mdogo, safari ya saa tatu kutoka kwa mdogo wake, na kwa bahati iliyowafurahisha watu wengi isipokuwa Bwana Tano, mashine ya kupima damu katika maabara ile ilikuwa inaendeshwa na kiendeshi alichokiandika yeye. Kila wiki dada alipiga simu. "Shikamoo, Bwana Tano," alisema, yeye mkubwa kumwamkia mdogo, kusudi tu amsikie anavyotapatapa. "Mtoto wako amenitolea tano tena leo. Nimpe uji au nimchape?"

Jumatatu moja dada alipiga simu, na hakuamkia wala hakutania.

"Wanaichukua mashine," alisema. "Mkaguzi wa vifaa anakuja Ijumaa na gari. Mwezi huu imetoa tano arobaini na moja. Wamesema ni mbovu, iende ghalani, na nyingine tutapata mwaka ujao, wakipata."

"Na damu mtapima wapi?"

"Tutaituma hospitali kubwa. Majibu siku ya nne. Kuna mama mmoja huniletea mtoto wake kila baada ya wiki mbili. Damu ya yule mtoto inashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mimi nikipima hapa, ndani ya saa moja tunajua kama anaongezewa damu au anarudi nyumbani. Siku nne, mdogo wangu. Mtoto yule hana siku nne."

Bwana Tano alishika simu, anatazama dirisha lake lisilofunguka.

"Mbona kimya? Una nini?"

"Niko sawa," alisema. "Nitakuja."

Alifika Jumatano saa nne asubuhi, kompyuta mpakato begani na nguo za kubadilisha katika mfuko wa plastiki. Maabara ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye sinki mbili, jokofu linalonguruma, na dirisha dogo la kupokelea watu, na nje ya dirisha hilo benchi lililojaa wagonjwa waliokunja mkono mmoja wa shati. Mashine ilikaa mwisho wa meza, nyeupe, ukubwa wa mkoba wa safari, na mbele yake mkono mdogo wa chuma unaochukua chupa ya damu, kuivuta ndani na kuirudisha. Dada yake alikuwa ameifunika juu kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kama watu wanavyofunika redio.

Hayo yote Bwana Tano aliyaona baadaye. Kitu cha kwanza alichokiona ni ukuta. Juu ya mashine, kwenye mgongo wa ukurasa wa kalenda uliobandikwa kwa gundi ya karatasi, kulikuwa na maandishi ya dada yake kwa kalamu nene: TANO ZA MASHINE HII.

Alisogea, akasoma. Tano ya kimya, yaani mashine haitoi sauti yoyote: sukuma kebo ya nyuma. Tano ya kulia tik-tik: mrija umeingiwa na hewa, ufyonzeshe maji mara mbili. Tano ya asubuhi: bado baridi, nenda kanywe chai. Tano ya kukohoa: chupa ya dawa imekwisha hata kama inaonekana imejaa. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: Tano ya mchana, inayokuja watu wakiwa wengi, haijulikani. Mpigie mdogo wangu. Hatasema kitu.

"Umeipenda?" dada aliuliza, anavua glavu. "Ilinichukua miaka miwili. Mwanzoni nilidhani ni tano moja. Kumbe ni ukoo mzima."

Bwana Tano alisikia masikio yanapata moto. Orodha ile ilikuwa kazi yake yeye. Alilipwa kila mwezi kuifanya, na ikafanywa na mwanamke mwenye mikono imejaa damu za watu, kwa kutega sikio, kwenye mgongo wa kalenda.

"Ni nzuri," alisema.

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu."

Dada akatikisa kichwa, akamvutia stuli.

Mchana kutwa alikaa kwenye stuli ile, magoti yamegusa meza, anapekua maandishi ya kiendeshi chake mwenyewe. Alihesabu mahali palipoandikwa rudisha tano. Zilikuwa sehemu sitini na tatu. Akaanza ya kwanza, akaangalia ukutani, akaangalia orodha ya mfumo, akaweka namba inayostahili na maneno machache ya kuandikwa kwenye skrini. Dada yake alifanya kazi zake, na kila alipopata nafasi kati ya mgonjwa na mgonjwa alikuja kuchungulia juu ya bega, kama alivyokuwa akichungulia madaftari yake ya shule.

"Hapa inapotokea tano ya kimya," aliuliza, "wewe humu ndani unaona nini?"

"Naona kebo haijibu. Mstari huu hapa."

"Kumbe unaona?"

"Kiendeshi kinaona."

"Kwa hiyo kinajua ni kebo."

"Kinajua."

"Kinajua ni kebo, halafu kinakuja kwangu kinasema tano."

Bwana Tano alikuna kidevu. "Ndiyo."

Dada alibaki amesimama nyuma yake. Alipoongea tena, sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Kama ile simu yako ya mama."

Simu hiyo wote wawili waliijua kwa moyo. Miaka sita ilikuwa imepita tangu Jumanne ile alipompigia dada yake akasema, "Mama hayuko vizuri sana. Ukipata nafasi, uje." Dada alimaliza zamu zake za wiki, akapitia dukani kumnunulia mama sweta, akafika Jumamosi. Mama alikuwa amefariki Ijumaa mchana. Dada hakuwahi kumlaumu wala kumuuliza. Walizika, wakagawana sufuria na picha, wakaendelea kutaniana kwenye simu kila wiki.

"Nilikuwa nimechanganyikiwa," alisema Bwana Tano, macho kwenye skrini.

"Sawa," alisema dada, akarudi kwa wagonjwa wake.

Alhamisi asubuhi kiendeshi kipya kiliingia kazini. Saa mbili na dakika kumi mashine ilikataa, na pale ambapo tangu izaliwe ilikuwa ikiandika tano, safari hii iliandika: Bado haijafikia joto la kazi, ngoja dakika sita. Dada alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akapiga makofi.

"Inaongea! Baba wee, imefunguliwa mdomo!" Akatoa kichwa kwenye kidirisha akawatangazia waliokaa benchini. "Jamani, mashine imesema ngoja dakika sita." Mzee mmoja benchini akajibu kwamba kama ni dakika sita za kweli yeye atangoja, kwa sababu wiki iliyopita aliambiwa sasa hivi akakaa mpaka saa tisa.

Bwana Tano alijiona ameota mbawa kidogo. Lakini kazi yenyewe ilikuwa haijafika. Tano ya mchana, ile ya wino mwekundu, ndiyo iliyofanya thelathini kati ya zile arobaini na moja, na ndiyo iliyokuwa inaleta gari Ijumaa. Kwa hiyo alikaa, akangoja watu wawe wengi.

Wakawa wengi. Saa tano na nusu, chupa ya ishirini na sita, mkono wa chuma ulitoka, ukachukua damu, ukaanza kurudi, na mashine ikasimama. Dada akasogea. Wote wawili wakasoma skrini: Namba 110. Muda wa kungoja umekwisha. Mkono wa chupa.

"Maana yake nini?" aliuliza dada.

"Ngoja kwanza."

Akaifanya mashine iandike muda ambao mkono ule ulitumia kila safari. Asubuhi ulitumia sehemu tatu za kumi za sekunde. Chupa ya kumi, sehemu nne. Mota ilivyozidi kupata joto ndivyo mkono ulivyozidi kujivuta, na ilipofika chupa ya ishirini na sita ulivuka nusu sekunde kidogo sana. Akafungua kitabu cha mtengenezaji. Mkono unaruhusiwa kutumia mpaka sekunde mbili. Mashine haikuwa mbovu. Haijawahi kuwa mbovu hata siku moja.

Kisha akatafuta ndani ya kiendeshi ni nani anayesema muda umekwisha, na akamkuta. Mstari mmoja: ngoja nusu sekunde, zaidi ya hapo acha. Aliukumbuka mstari huo vizuri, hata na siku yake. Miaka saba iliyopita, mashine mpya iko mezani kwake, baridi, akaipitisha chupa moja ya maji ya rangi, ikachukua sehemu tatu za kumi, akaona nusu sekunde inatosha na kubaki. Ilikuwa saa ya chakula na wenzake walikuwa wanamwita mlangoni. Hakuwahi kukaa na mashine ile ikifanya kazi siku nzima. Hakujua kwamba kuna benchi.

Akafuta nusu, akaandika mbili. Ilimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Mchana ule mashine ilipima chupa arobaini na nane bila kusita.

"Imepona!" alisema dada, amekishika kile kitambaa kwa mikono miwili. "Ilikuwa nini?"

"Kitu kidogo. Nimekirekebisha."

Alilisikia jibu lake likitoka, na alitamani kulikimbiza alirudishe mdomoni. Dada alimtazama, furaha ikapungua usoni polepole.

"Tano," alisema, akageuka kuosha chupa.

Mkaguzi wa vifaa alifika Ijumaa saa tatu, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, pamoja na wabebaji wawili na kitoroli. Alisalimia kila mtu, hata mashine aliipigapiga mgongoni. Dada akamwonyesha inavyofanya kazi. Ikapima chupa moja, mbili, tano, ikasema yenyewe kwamba mrija mmoja una hewa, dada akautoa hewa, ikaendelea. Mkaguzi akashangaa kwa adabu.

"Leo ni nzima," alisema. "Swali langu ni wiki ijayo." Akatoa fomu, akaiweka juu ya meza, akaibana kwa chupa ya dawa. "Dada, mimi sina ubaya na wewe. Hapa pameandikwa chanzo cha tatizo. Kama chanzo kinajulikana na kimeondolewa, mashine inabaki. Kama hakijulikani, naibeba. Ndivyo utaratibu ulivyo." Akamgeukia Bwana Tano. "Wewe ndiye fundi? Niandike nini? Hitilafu ya kiufundi?"

Maneno mazuri sana, hitilafu ya kiufundi. Yana suti na tai. Bwana Tano aliyatambua kama mtu anavyomtambua ndugu yake kwenye umati: ilikuwa tano, imevaa vizuri. Na kichwa chake, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, kilikuwa kimeshaanza kukubali. Akaona wabebaji wanashika mpini wa kitoroli. Akaona dada yake hamtazami yeye, anatazama kidirisha, na nje ya kidirisha mwanamke mmoja ameketi benchini na mtoto mwembamba amelala mapajani pake, kiganja chake kimefunguka, cheupe kama karatasi.

"Hapana," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Hapana. Andika hivi. Mashine ni nzima, na ilikuwa nzima siku zote. Kiendeshi kiliwekewa muda mfupi wa kungoja, nusu sekunde badala ya sekunde mbili. Mashine ikipata joto ilikuwa inachelewa kidogo, na kiendeshi kikawa kinakata tamaa mapema na kusema imeshindwa. Muda umesharekebishwa jana."

Mkaguzi aliandika, akanyanyua kalamu. "Huo muda mfupi aliuweka nani?"

"Mimi."

"Kampuni yako?"

"Mimi mwenyewe. Sikupima vizuri, nilikuwa nawahi kwenda kula." Akataja jina lake kamili, lile la kwenye vyeti, akalitaja herufi kwa herufi ili lisikosewe. Dada yake aligeuka. Hakuwa amelisikia jina hilo lote kwa pamoja tangu mdogo wake alipoitwa kwenye mahafali.

Mkaguzi aliandika mpaka mwisho, kisha akakaa akifikiri, akigonga kalamu kwenye fomu.

"Za aina hii ziko nyingi," alisema. "Nyingine nazo zina kiendeshi hichohicho?"

"Thelathini na mbili."

"Na zote zikifanya kazi nyingi zinatoa tano?"

"Zote."

"Mimi ghalani ninazo tisa," alisema mkaguzi. "Nilizibeba mwenyewe."

Bwana Tano akazihesabu kichwani. Tisa. Mabenchi tisa, mahali ambapo hajawahi kufika, na kila benchi lina watu waliokunja shati mkono mmoja. Zaidi ya mara moja alikuwa amemwambia Mama wa Simu kwamba vituo vile vinapenda kulalamika.

"Zirudishe," alisema. "Zote nzima. Nitakuja kuziwekea kiendeshi kipya, moja moja, kwa mikono yangu. Na mkuu wangu mwandikie barua kama ulivyoandika hapo. Usiipunguze."

Mkaguzi akapeana naye mkono, akaagiza kitoroli kirudi kwenye gari kikiwa kitupu. Dada alikwenda kidirishani, akaita, "Mama, mlete," na dakika chache baadaye mkono wa chuma ukaichukua damu ya mtoto yule, ukaivuta ndani na kuirudisha taratibu, kwa muda wake wenyewe. Kabla ya saa sita mtoto alikuwa kitandani wodini, anaongezewa damu, anamlilia mama yake kwa sauti iliyojaa nguvu.

Saa ya chakula walikaa kwenye chumba cha nyuma, kati ya makasha ya glavu na meza yenye mguu mmoja uliotegemezwa kwa gazeti. Dada alifungua chakula alichokuja nacho kutoka nyumbani, akakigawa sahani mbili. Bwana Tano alikitazama chake bila kukigusa.

"Una nini?" aliuliza dada.

Jibu la siku zote lilikuja mpaka kwenye ulimi. Alilimeza.

"Nina aibu," alisema. "Na zile tisa sitazisahau. Halafu goti linaniuma, stuli yako ni mbaya sana."

Dada alicheka kwa pua, akanyoosha mkono kuchukua chumvi.

"Na nilijua," alisema Bwana Tano.

"Ulijua nini?"

"Kuhusu mama. Daktari aliniambia Jumanne ileile, kabla sijakupigia. Alisema zimebaki siku tatu, labda nne. Alisema hivyo kabisa, kwa maneno hayo. Nikashika simu nikaogopa. Niliona nikikutajia siku tatu halafu asife, nitakuwa nimekutisha bure, mtanicheka. Na akifa, nitakuwa ndiye niliyesema. Nikakwambia hayuko vizuri sana. Nilijua, dada, na sikukwambia."

Dada alikirudisha kikopo cha chumvi mahali pake. Akakizungushazungusha kwa kidole.

"Nilipoteza nusu siku nachagua rangi ya sweta," alisema. "Nilichukua ya zambarau, nikairudisha, nikachukua ya kijani."

"Najua. Uliishika mkononi ulipofika."

"Ninayo mpaka leo."

"Nisamehe."

"Ngoja kwanza," alisema dada, machozi yamemjaa na sauti haitetemeki. "Mimi si mashine yako, nitakutajia zote ili usizichanganye. Nimekukasirikia, tena sana, na hiyo haitaisha leo. Nina huzuni ya mama, imerudi mpya. Na nimefurahi umesema. Hizo ni tatu. Umezisikia?"

"Nimezisikia."

"Zirudie."

Akazirudia moja moja, kwa mpangilio uleule. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa mkono wa koti lake jeupe, kisha akamsogezea sahani.

"Kula sasa," alisema. "Na useme kikoje."

Bwana Tano alionja, akatafuna, akafikiri kwa dhati.

"Chumvi imezidi," alisema.